Darasa la Jumamosi kuhusu uchaguzi wa Marekani wa 1812: lipa, nenda, na ufike mapema

Niseme mapema ili mwenye haraka asipoteze muda: darasa hili linastahili ada yake, na ukiwahi kiti cha karibu na meza ndipo utalifaidi zaidi. Hufanyika Jumamosi alasiri kwenye chumba cha kukodi, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya redio na spika pale Luthuli, Nairobi. Mwenye darasa ni mwalimu mstaafu wa historia. Kila muhula huchukua tukio moja tu na kulichambua mpaka lieleweke. Muhula uliokwisha juzi tulikuwa na uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1812: James Madison wa Virginia akitetea kiti chake dhidi ya DeWitt Clinton wa New York, huku nchi ikiwa vitani na Uingereza. Ada ni shilingi 1,500 kwa muhula mzima, unalipa kwa M-Pesa, na ndani yake kuna karatasi za kusomea, chai na mandazi.

Mimi nina duka la fotokopi na saiba Umoja. Msimu wa uchaguzi ukifika huomba kazi ya muda kituoni. Nilianza kama karani, baadaye nikawa msimamizi wa kituo. Nimehesabu kura usiku kwa taa ya betri, mawakala wa vyama wamenizunguka kila mmoja na kalamu yake, tukijaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, na kutafuta sahihi ya mwisho ya mtu ambaye ametoka nje kununua maji. Kwa hiyo nikisikia kuna uchaguzi uliofanyika katikati ya vita zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, bila simu, bila reli, matokeo yakatoka na aliyeshindwa akarudi kwenye kazi yake, siwezi kupita hivi hivi. Nilitaka kujua ulifanyikaje. Nani alihesabu? Nani alikuwa na uwezo wa kusema tuahirishe? Hayo ndiyo niliyolipia, na niliyapata.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha chanzo cha vita. Uingereza ilikuwa inapigana na Ufaransa ya Napoleon, na meli zake za kivita zilikuwa zikisimamisha meli za Marekani baharini na kuchukua mabaharia kwa nguvu, kwa madai kwamba ni raia wa Uingereza waliotoroka. Zaidi ya hapo, London ilikuwa imeweka amri za kuzuia biashara ya Wamarekani na sehemu kubwa ya Ulaya. Na upande wa magharibi, walowezi waliitaka ardhi ya wenyeji, na wakawalaumu Waingereza kwa kuwapa silaha wenyeji waliounganishwa na Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, ili wajilinde. Madison alipeleka shauri lake bungeni tarehe 1 Juni. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 79 kwa 49, Seneti 19 kwa 13, na tarehe 18 Juni 1812 vita vikatangazwa. Mwalimu aliandika zile tarakimu ubaoni na kuzipigia mstari mara mbili. Hakuna vita vingine ambavyo bunge la Marekani limevitangaza kwa pengo dogo namna hiyo, na bila kulikumbuka hilo huwezi kuelewa uchaguzi uliofuata.

Kisha akaandika tarehe nyingine chini yake: 23 Juni. Siku hiyo, siku tano baada ya vita kutangazwa, Waingereza waliziondoa zile amri za biashara. Habari ilikuwa bado haijavuka bahari. Mzee mmoja wa Kariobangi, ambaye nadhani hajawahi kukosa muhula, aliinua mkono: "Kwa hiyo Mwalimu, simu moja tu ingetosha?" Mwalimu hakumkubalia haraka. Alimwambia lile suala la kukamata mabaharia lilikuwa halijaguswa kabisa, na wanasiasa wa magharibi walikuwa na hamu ya ardhi ambayo simu isingeipoza. Namna hiyo ya kujibu ndiyo inayonifanya nimwamini. Hakupi jibu tamu kwa sababu tu umeuliza swali tamu.

Ila kipindi hicho kilizidishwa manowari. Tulikaa muda mrefu mno kwenye milingoti na mizinga, na dada mmoja nyuma yangu akaanza kujibu ujumbe kwenye simu. Kilichofaa kubaki ni kimoja tu, nacho kilibaki kichwani mwangu kwa sababu ya jina. Tarehe 16 Agosti Jenerali William Hull alisalimisha ngome ya Detroit kwa Waingereza. Siku tatu baadaye, tarehe 19 Agosti, mpwa wake, Kapteni Isaac Hull, akiwa na manowari ya Constitution, aliishinda manowari ya Uingereza iitwayo Guerriere. Ami ni aibu ya nchi kavu, mpwa ni fahari ya baharini, na wote wawili wako kwenye magazeti ya msimu mmoja wa kampeni. Mpiga kura alikuwa na sababu ya kukasirika na sababu ya kujivuna kwa wakati mmoja, na kila upande ulichukua Hull uliyemtaka.

Kwenye habari ya wagombea mambo yalichangamka. Madison aliteuliwa mwezi Mei na wabunge wa chama chake waliokutana Washington, kabla vita havijatangazwa. Chama hicho kiliitwa Republican, lakini msikichanganye na hiki cha leo. Makamu wake, George Clinton, alikuwa amefariki mwezi Aprili akiwa bado kazini. Huyo George alikuwa ami yake DeWitt. Kwa hiyo miezi michache baada ya mzee kuzikwa, kijana wa nyumba ile ile anasimama kupigana na bosi wa ami yake, tena ndani ya chama kimoja. Tarehe 29 Mei wabunge wa chama hicho katika jimbo la New York walimteua DeWitt wakipuuza uamuzi wa Washington. Wakati huo alikuwa meya wa jiji la New York na naibu gavana wa jimbo, vyeo viwili kwa mpigo. Kijana mmoja anayesomea sheria alisema hiyo kwetu isingepita, na mjadala ukawaka mpaka chai ikapoa.

Upinzani wenyewe, chama cha Wafederali, haukuwa na mtu. Walikutana New York mwezi Septemba, baadhi yao kama Rufus King wakimkataa Clinton kabisa, na mwishowe wakaondoka bila kumteua rasmi, ila ikaeleweka kwamba watamuunga mkono popote wanapoweza. Mgombea mwenza akawa Jared Ingersoll wa Pennsylvania. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kule New England, ambako biashara ya baharini ilikuwa imekufa na vita vilichukiwa, watu wa Clinton walisema atavimaliza haraka. Kusini na magharibi walisema atavipigana kwa nguvu na akili kuliko Madison. Mwalimu alituuliza kama huo ni ujanja halali wa kampeni. Wengine walisema ndiyo, wanasiasa wote ni kinyonga. Mimi nilipinga na bado napinga. Vita ni swali ambalo mpiga kura anadai jibu moja, maana mtoto wake ndiye atakayepelekwa. Ukimjibu wa kaskazini hivi na wa kusini vile, umemnyima haki ya kuchagua hata kama sanduku liko wazi mbele yake. Upande wa pili, Madison angalau alijulikana amesimama wapi: ndiye aliyeomba vita, na jina lake liko chini ya ile karatasi.

Kipindi cha Baltimore sitakisahau. Mjini humo kulikuwa na gazeti la Wafederali, Federal Republican, lililopinga vita waziwazi. Siku chache baada ya vita kutangazwa, umati ulivunja ofisi yake na mitambo ya kuchapia. Mhariri wake, Alexander Contee Hanson, alirudi mjini mwishoni mwa Julai na kulitoa tena gazeti kutoka nyumba nyingine, akiwa na marafiki wenye silaha. Umati ukaizingira nyumba, risasi zikapigwa, mtu akafa nje. Wenye mamlaka wakawachukua Hanson na wenzake na kuwapeleka jela, kwa ahadi kwamba huko watakuwa salama. Usiku uliofuata umati ukavunja jela. James Lingan, mzee aliyepigana kwenye vita vya uhuru vya nchi hiyo hiyo, aliuawa. Henry Lee, mpiganaji mwingine wa vita vile vya uhuru, alipigwa mpaka hakupona sawasawa maisha yake yote.

Mwalimu alisimulia hayo kwa sauti ya kawaida, bila madoido. Chumbani hapakuwa na minong'ono. Sisi tuliokuwa Nairobi Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hatuhitaji kuelezwa umati ni nini, wala ahadi ya ulinzi isiyotimizwa ina maana gani kwa mtu aliyeiamini. Lakini Mwalimu hakuishia kwenye damu, na hapo namsifu. Alirudi kwenye kura. Mwezi Oktoba wapiga kura wa Maryland waliwapa Wafederali ushindi katika baraza la chini la jimbo, na kura za urais za Maryland zikagawanyika 6 kwa Madison na 5 kwa Clinton. Waliovunja mitambo ya gazeti walitaka kulinyamazisha. Walichopata ni kupoteza baraza na karibu nusu ya jimbo.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu peke yake kinarudisha hela yote. Mwalimu alikuja na karatasi kubwa za manila alizozichorea ramani ya majimbo yote 18 ya wakati ule, akazitandaza juu ya meza mbili zilizounganishwa. Kila jimbo alilipa kibakuli kidogo cha plastiki. Kisha akatoa mifuko miwili ya maharagwe: mekundu ya Madison, na njahi, nyeusi kabisa, za Clinton. Kila mmoja wetu akapewa majimbo yake na karatasi ya matokeo, tukaambiwa tuhesabu wenyewe na tuhakikiane mtu na jirani yake. Wamarekani hawamchagui rais moja kwa moja. Kila jimbo lina idadi ya wajumbe, na wajumbe ndio wanaopiga kura ya rais. Punje moja, mjumbe mmoja.

Mimi nilipewa Maryland, kibakuli pekee chenye rangi mbili. Jirani yangu alikuwa na New York, njahi 29. Mzee wa Kariobangi alikuwa na Vermont, mekundu 8, akashangaa mbona jimbo hilo la New England, tena linalopakana na Kanada, limeenda na Madison wakati majirani zake wote wameenda na Clinton. Massachusetts njahi 22. Virginia mekundu 25. Louisiana mekundu 3, jimbo jipya lililoingia kwenye muungano mwezi Aprili mwaka huo huo na ndiyo kwanza linapiga kura. Tulipomaliza, Mwalimu akapita na sufuria mbili kukusanya. Mekundu 128. Nyeusi 89.

Nilijumlisha kwa kalamu, maana ndivyo nilivyozoea: 217. Lakini kwenye karatasi juu ilikuwa imeandikwa kura zote 218. Nikamwambia, "Mwalimu, kuna punje moja haipo." Akafunua kisahani alichokuwa amekifunika kwa daftari, na ndani yake palikuwa na haragwe moja. Mjumbe mmoja wa Ohio hakupiga kura, akasema, kwa hiyo hilo halihesabiwi upande wowote lakini lazima lionekane. Wengine walicheka. Mimi nilimheshimu mtu huyu kuanzia dakika ile. Kituoni karatasi iliyoharibika nayo hurekodiwa, na isiyotumika hurekodiwa, na ukishaanza kusema moja si kitu hujui utaishia wapi.

Halafu akafanya jambo jingine. Akarudisha maharagwe yote, akachukua kibakuli cha Pennsylvania, mekundu 25, akakimwaga, akakijaza njahi 25. "Hesabuni upya." Madison akashuka hadi 103. Clinton akapanda hadi 114. Waliohitajika kushinda ni zaidi ya nusu ya wale 218. Yaani jimbo moja tu lingegeuka, rais aliyeanzisha vita angeondolewa na kura katikati ya vita vyenyewe. Kijana mmoja makanga wa matatu za Eastlands, ambaye hesabu za kichwa hazimpigi chenga, alikuwa ameshasema jibu kabla sijamaliza kuandika. Mgombea mwenza wa Clinton alitoka Pennsylvania, kwa hiyo walilijua hilo na wakalitafuta. Halikuja.

Tuliingia pia kwenye namna wajumbe walivyopatikana, na hapa nilikasirika. Hapakuwa na siku moja ya uchaguzi. Kila jimbo lilichagua siku yake, kuanzia mwisho wa Oktoba, na wajumbe wakapiga kura yao tarehe 2 Desemba kila kundi kwenye jimbo lake. Nusu ya majimbo hayakuwauliza wananchi kabisa. Bunge la jimbo ndilo lililochagua wajumbe. New York ilikuwa hivyo, na huko seneta kijana aitwaye Martin Van Buren, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa rais mwenyewe, ndiye aliyewapanga wabunge mpaka zote 29 zikaenda kwa Clinton. North Carolina, mwaka mmoja kabla, watu wa chama cha Madison waliwanyang'anya wananchi uchaguzi huo na kulipa bunge, zikatoka 15. New Jersey ni mbaya zaidi. Wafederali walipata wingi bungeni mwezi Oktoba, na siku chache tu kabla ya wananchi kupiga kura wakaufuta upigaji kura wenyewe, wakachagua wajumbe 8 wa Clinton wao kwa wao. Watu walikuwa wameshajiandaa kwenda! Fikiria nimepanga madawati, nimefunga kamba za foleni, halafu usiku naambiwa funga kituo, wabunge wamekuamulia.

Na mgombea mwenza wa Madison, Elbridge Gerry, ndiye aliyekuwa gavana wa Massachusetts na kusaini mwaka huo huo ile mipaka ya maeneo ya uchaguzi iliyopindwa ili chama chake kipate viti vingi. Wananchi wakamtoa ugavana mwezi Aprili. Chama kikampa umakamu wa rais, tena baada ya chaguo la kwanza, John Langdon, kukataa kwa sababu ya uzee.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ule ulikuwa uchaguzi safi, nakujibu hapana. Wanawake hawakuwemo; New Jersey, ambako waliomiliki mali waliwahi kupiga kura, waliondolewa mwaka 1807. Weusi waliokuwa huru waliruhusiwa sehemu chache tu. Majimbo mengi yalidai mali au risiti ya kodi hata kwa wazungu. Lakini katikati ya hayo yote, jeshi lilikuwa limeshindwa Detroit, na tarehe 13 Oktoba likashindwa tena Queenston Heights, ambako wanamgambo wengi wa New York walikataa kuvuka mto kuingia Kanada. Wiki mbili na siku kadhaa baadaye watu wakaanza kupiga kura. Hakuna aliyesimama kusema tusubiri ushindi kwanza. Hicho ndicho kilichonigusa, na sidhani ningekiona kwenye kitabu kama nilivyokiona kwenye vile vibakuli.

Lawama yangu kubwa kwa Mwalimu ni ya watumwa. Katiba yao ilihesabu kila watumwa watano kuwa watu watatu wakati wa kugawa viti vya wabunge, na wajumbe wa urais hutokana na viti hivyo. Rudi kwenye meza yetu: Pennsylvania 25, Virginia 25. Kwa sensa ya 1810 Pennsylvania ilikuwa na watu kama 810,000, karibu wote huru. Virginia ilikuwa na kama 975,000, na kati yao takriban 390,000 walikuwa watumwa. Watu hao hawakupiga kura, hawakuwa na jina kwenye daftari lolote la wapiga kura, lakini miili yao iliongeza punje kwenye kibakuli cha bwana wao. Madison mwenyewe alikuwa na watumwa shambani kwake Montpelier, na alikuwemo kwenye mkutano wa Philadelphia wa 1787 ulioandika fomula hiyo. Jambo zito kama hilo Mwalimu alilipitia kwa dakika chache mwishoni mwa kipindi, watu wakiwa wameshaanza kufunga mabegi. Nilimwambia papo hapo, kwa heshima, kwamba milingoti ya manowari ilipata muda kuliko watu laki tatu na tisini elfu. Alinisikiliza, akaandika kwenye daftari lake. Nitaangalia kama muhula ujao atakuwa amelifanyia kazi.

Kipindi cha mwisho kilituleta nyumbani. Mwalimu aligawa nakala ya Kifungu cha 102 cha Katiba yetu ya 2010. Wengi chumbani hawakuwa wamewahi kukisoma. Kinasema Kenya ikiwa vitani, Bunge linaweza kuongeza muda wake kwa azimio la angalau theluthi mbili ya wabunge wote katika kila bunge, si zaidi ya miezi sita kwa mara moja, na jumla isizidi miezi kumi na miwili. Kijana wa sheria aliona ni busara. Mzee wa Kariobangi aliona ni mlango uliofunguliwa, na mlango ukishafunguliwa atapatikana wa kuupitia. Walibishana vizuri, bila kutukanana. Mimi nilikuwa upande wa mzee, ingawa nakubali kwamba theluthi mbili za kila bunge si kitu chepesi kupata.

Kisha Mwalimu akaandika tarehe mbili ubaoni. Tarehe 4 Machi 1813, Madison anaapishwa muhula wa pili, vita bado vinaendelea. Tarehe 4 Machi 2013, Wakenya wanapiga kura, na wanajeshi wetu wako Somalia tangu Oktoba 2011. Mama mmoja aliyekuwa kimya muhula wote alisema mwanawe alikuwa huko Kismayu siku hiyo, na yeye alipanga foleni tangu alfajiri bila kujua yuko hai au la. Hakusema alimpigia nani, na hakuna aliyemuuliza. Alisema tu kwamba asingeweza kukaa nyumbani.

Upande wa huduma yenyewe, mniwie radhi nikiwa mkali maana hii ni fani yangu. Zile karatasi zilitolewa fotokopi kwenye mashine ambayo wino wake unaelekea kwisha. Jedwali la kura za majimbo lilipunguzwa kutoka A3 hadi A4 bila kurekebisha pembezoni, hivyo safu ya mwisho imekatwa, na safu hiyo ndiyo ya jumla! Ilibidi watu waijaze kwa mkono. Mtu akilipa 1,500 anastahili karatasi inayosomeka. Nimemwomba Mwalimu aniletee nakala asili nimtolee kwa bei ya jumla.

Vipindi huchelewa kuanza, wakati mwingine nusu saa nzima. Lifti hakuna na ngazi ni za mwinuko, mzee wa magoti ajipange. Maduka ya chini hujaribu spika Jumamosi nzima. Ukikaa upande wa dirisha la barabarani utasikia besi kuliko Mwalimu, kwa hiyo kaa upande wa ukuta. Choo kina kufuli na ufunguo uko kwa mlinzi wa jengo, muulize mapema. Chai ni ya maziwa na tangawizi, ya moto kweli, na mandazi huletwa yakiwa bado yana joto. Hapo sina neno.

Mwanafunzi anayetafuta maswali ya KCSE asije, haya hayamo kwenye mtihani wake. Mtu anayetaka mihadhara ya kukaa kimya pia asije, maana hapa utapewa kibakuli na utahesabu. Lakini kama umewahi kusimama ndani ya kituo cha kura, kama karani, wakala, askari wa kulinda mlango au mpiga kura aliyekesha akisubiri tangazo, utatoka na maswali ambayo hukuja nayo.

Muhula ujao ni uchaguzi wa 1864, Abraham Lincoln dhidi ya Jenerali McClellan, ambaye Lincoln mwenyewe alikuwa amemwachisha kazi, askari wengi wakipiga kura wakiwa kambini. Nimeshalipa. Viti havizidi ishirini na vitano, na usajili unafanyika kwa Mwalimu mwenyewe kabla ya kipindi, pale juu, akiwa na daftari lake la jalada la buluu. Ukienda, mwambie umemsikia wa fotokopi wa Umoja akisema safari hii watumwa wapewe kipindi kizima.